Pakiti Mbili, Dawa Moja

Shikamoo Shangazi,

Mimi nasuka nywele kwenye saluni moja hapa Kawangware, karibu na steji ya 46, na ninaishi Gatina. Mama yangu ana miaka 63, anaishi Lindi, Kibera, na hataki kusikia habari za kuhama. Ana presha na sukari. Kila mwezi nilikuwa nampeleka kliniki kuchukua dawa. Natoka Kawangware hadi Junction, napanda gari lingine hadi Adams, halafu natembea kupitia Toi na Makina hadi kwake, kisha tunapanga foleni tangu asubuhi. Siku hiyo siingizi hata shilingi, maana saluni tunalipwa kwa kila kichwa tulichosuka. Na mara nyingine tukifika dirishani tunaambiwa dawa moja imekwisha, tukanunue nje.

Mwezi wa tatu mteja wangu alinionyesha duka la dawa la mtandaoni. Nilipiga picha karatasi ya kliniki, nikaituma, nikalipa kwa M-Pesa, na jioni ile ile mtu wa boda akampigia mama simu. Hakuingia Lindi, alisema anangoja pale panapoitwa kwa DC. Mama akamtuma mtoto wa jirani.

Dawa zilikuja zimefungwa vizuri, lakini za presha si zile alizozoea. Jina ni lingine, na umbo ni lingine. Kwa kuwa za kliniki zilikuwa bado zimebaki, mama aliona hizi ni za kuongezea. Akawa anameza zote. Hii ni wiki ya pili analalamika kizunguzungu akiinuka, na jioni miguu inavimba. Jirani anamwambia dawa za simu ni feki. Ndugu yangu ananilaumu kwamba nimemkabidhi mama kwa mtu wa boda. Na katika kikundi chetu cha WhatsApp kuna mwanamke anayeuza dawa hizo hizo kwa bei ya chini zaidi, wala haulizi karatasi ya daktari.

Shangazi, niachane na mambo ya mtandaoni nirudi kwenye foleni? Nimekunakilia hapa chini maandishi ya pakiti zote mbili, na orodha ya dawa zake.

Binti wa Gatina

Marahaba, binti yangu.

Barua yako niliisoma hadi kwenye yale maandishi uliyonakili, nikasimama hapo. Nilimwomba mhariri akutafute kwa simu mchana ule ule, kwa sababu jambo hili halikuweza kungoja gazeti lichapishwe. Nimeshukuru kusikia kwamba mama amefikishwa kliniki, amepimwa, na amebakishiwa dawa moja ya presha. Ninayoandika sasa ni yako, na pia ni ya kila anayemnunulia mzazi dawa akiwa mbali naye.

Tazama tena ulichonakili. Kwenye bahasha ndogo ya kliniki pameandikwa kwa kalamu: Amlodipine 10 mg, 1x1. Kwenye pakiti iliyoletwa na boda kuna jina kubwa la rangi, ambalo ni jina la kibiashara, na chini yake, kwa herufi ambazo mama wa miaka 63 hazioni bila kusogea dirishani, pameandikwa: amlodipine 10 mg. Ni dawa ile ile. Mama alikuwa anameza miligramu 20 kwa siku, na kipimo cha juu cha kawaida cha dawa hiyo kwa mtu mzima ni 10. Kazi yake ni kulegeza mishipa ya damu ili presha ishuke. Ikizidi, presha hushuka mno na mtu huona kizunguzungu anapoinuka, na maji hujikusanya miguuni. Miguu huweza kuvimba hata kwa kipimo sahihi, kwa hiyo ikiendelea mrudishe kwa daktari, kwani zipo dawa nyingine za presha anazoweza kubadilishiwa. Asiache kumeza kwa uamuzi wake mwenyewe. Na wewe unayesoma haya, ukimwona mzazi anaanguka, anashikwa na maumivu ya kifua au ulimi unakuwa mzito, usianze kutafuta pakiti. Mkimbize hospitali, kwa watu wa Kibera, Mbagathi iko karibu.

Basi jibu la jirani ni kwamba dalili hizi hazionyeshi kuwa dawa ni feki. Kipimo maradufu cha dawa halisi kinatosha kumshusha mama presha namna ile.

Mweleze mama hivi, naye ataelewa mara moja. Dukani kuna Jogoo, kuna Pembe, kuna Soko. Pakiti ni tofauti, bei ni tofauti, lakini ndani ni unga wa mahindi, na aliyepika ugali wa Jogoo hapiki tena sufuria ya pili kwa sababu amenunua Pembe. Dawa ni hivyo hivyo. Ina jina lake yenyewe, lile dogo, na ina jina alilopewa na mtengenezaji, lile kubwa. Viwanda vingi hutengeneza amlodipine, na kila kimoja huchagua umbo, rangi na jina lake. Hata kliniki ikibadilisha mletaji, tembe zitabadilika sura. Mfundishe mama jina dogo. Dawa yake ya sukari, naona kwenye orodha yako, ni metformin. Hayo ni majina mawili tu ya kukariri, na mama yako hashindwi na majina mawili.

Ukimwomba daktari aandike kwa jina la dawa lenyewe, utapata faida nyingine. Duka litakuwa na uhuru wa kukupa ya bei nafuu, nawe utakuwa na haki ya kuuliza kama ipo ya bei nafuu zaidi.

Sasa nije kwenye lililonikaa moyoni. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali unaposema kwamba mtu wa lile duka alikupigia simu, au alimpigia mama. Sipaoni. Uliyepiga picha ni wewe, uliyelipa ni wewe, aliyepiga simu ni mtu wa boda, na aliyepokea ni mtoto. Hapo katikati alipaswa kuwepo mfamasia wa kuuliza swali moja: je, nyumbani zimebaki za zamani? Swali hilo moja tu lingemwepushia mama wiki mbili za kizunguzungu.

Ninalijua swali hilo kwa sababu nami niliwahi kuliacha. Kabla ya kuandika safu hii nilikaa nyuma ya dirisha la dawa kwa miaka mingi, mahali ambapo foleni ilifika nje ya lango. Siku moja nilimpa mzee mmoja dawa zake haraka haraka. Wiki iliyofuata alirudi ameshikwa mkono na mjukuu, na katika mkono wa pili alikuwa na kopo la zamani la Blue Band. Akalifungua mbele yangu. Ndani kulikuwa na tembe za vituo vitatu, nyingine zimetolewa kwenye vifungashio vyake, zimechanganyika na vifungo vya shati na senti za zamani. Losartan, dawa nyingine ya presha, ilikuwemo mara mbili, kwa majina mawili. Akaniuliza, "Ni zipi zako hapa?" Tangu siku hiyo sikumpa mtu dawa ya presha bila kumuuliza kilichomo kwenye kopo lake.

Kwa hiyo boda si mkosaji. Mwambie ndugu yako hivyo. Mtu wa boda alifanya kazi yake ya kubeba. Na wewe hukufanya dhambi kutafuta njia ya kutopoteza siku nzima ya mshahara. Kilichotokea ni kwamba dawa ilisafiri vizuri, ila hakuna aliyemwona mama. Ile foleni iliyokuchosha ilikuwa na kitu kimoja chema ndani yake: mwishoni mwake mtu alimfunga mama mkanda wa presha mkononi, akaandika namba kwenye kijitabu. Ukiiondoa foleni, lazima uurudishe ule mkanda kwa njia nyingine.

Na inawezekana, kwa sababu Kibera yenyewe imewahi kufanya hivyo. Mama yako huenda anawakumbuka Madaktari Wasio na Mipaka, waliotoa huduma huko kwa miaka mingi na kuikabidhi kliniki ya Kibera South kwa kaunti mwaka 2017. Mwaka 2013 walikabiliwa na tatizo lako hili hili. Kliniki zilikuwa zimejaa watu ambao hali yao imetulia, waliokuja kuchukua dawa tu. Wakaanzisha vikundi vya watu kati ya 25 na 35, wagonjwa wa presha, wa sukari na wanaoishi na virusi vya Ukimwi wakiwa pamoja. Walikutana kila baada ya miezi mitatu. Kila mmoja alikuta dawa zake zimefungwa tayari, hakupanga foleni ya daktari. Lakini kabla ya kupewa, alipimwa na kuulizwa hali, na aliyeonekana hayuko sawa alipelekwa kwa daktari siku hiyo. Waliokuwa wamezoea kujificha na dawa zao walikaa benchi moja na wenye presha, wakazungumza. Mimi napenda sana hilo la benchi moja.

Kwa hiyo usichague kati ya foleni na simu. Peleka mama kliniki kila miezi mitatu, na mwombe daktari, kama namba za mama zimetulia, amwandikie dawa za miezi hiyo yote. Za sukari zikitulia na za presha zikitulia, hakuna sababu ya kumrudisha kila mwezi. Hapo siku zako za kupoteza kazi zinakuwa nne kwa mwaka badala ya kumi na mbili, na kati ya hizo nne, mbili mpe ndugu yako. Anampenda mama, ndiyo maana ana hasira, mgawie kazi. Hakikisheni pia mama amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, kwa *147#, kwa sababu huduma za msingi katika vituo vya ngazi ya 2 na ya 3 zimewekewa mfuko wake tangu bima ya zamani, NHIF, ilipoondoka Oktoba 2024. Dawa iliyopo dirishani ichukueni pale pale. Mtandao uwe wa ile inayokosekana, au wa mwezi ambao kweli huwezi kutoka.

Katikati ya ziara hizo, mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa upande wa Lindi. Mwaka 2023 serikali iliwatuma wahudumu hao kama laki moja nchi nzima, kila mmoja na mkoba wenye kipimo cha presha na cha sukari. Muulize mzee wa mtaa au mama wa kanisani, atakuonyesha nani ndiye wa eneo lenu. Mwombe ampitie mama mara moja kwa mwezi, apime na kuandika namba kwenye kijitabu kile kile cha kliniki. Mfamasia akiuliza presha ya mama ni ngapi, utakuwa na jibu.

Kuhusu duka lenyewe. Hofu ya jirani yako si ya bure. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya kumi ni duni au ya kughushi. Lakini dawa hizo hupita pia kwenye vibanda vya mtaani. Kuagiza kwa simu peke yake hakuifanyi dawa kuwa mbaya. Hapa Kenya duka la mtandaoni linabanwa na sheria ile ile inayobana kemisti ya kona: Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, inayosimamiwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Biashara hii si ya jana wala ya kujificha. Duka la mtandaoni la MYDAWA lilianza Nairobi mwaka 2017 likiwa na leseni ya Bodi. Duka la dawa lililosajiliwa lina msimbo wa usalama wa afya, na ukiutuma kwa ujumbe mfupi hadi 21031 unajibiwa kama limesajiliwa. Waombe msimbo huo, pamoja na jina la mfamasia wao msimamizi na mahali lilipo duka. Duka halali halikasiriki ukiuliza. Likisita, achana nalo, hata kama tayari umeshapenda bei yake.

Lingine la kuangalia ni kama waliidai karatasi ya daktari. Wewe walikudai, na hiyo ni alama njema. Ndiyo sababu yule mwanamke wa kikundi cha WhatsApp nakukataza kabisa. Sijui moyo wake, huenda anatafutia watoto wake riziki. Lakini mtu anayeuza dawa ya presha bila karatasi hajui inamwendea nani, hajui figo zake zikoje, na dawa yenyewe hujui imelala wapi. Ikitokea mama ameanguka, huna duka la kurudi wala leseni ya kulalamikia. Na tafadhali usiiweke picha ya karatasi ya mama kwenye kikundi. Habari za ugonjwa wa mtu ni zake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu miongoni mwa habari nyeti, na duka nalo linawajibika kuzitunza. Mwombe muuzaji afunge mzigo bila kuandika nje jina la dawa. Mama yako huenda hajali watu wakijua ana presha, ila kuna jirani yake anayemeza dawa ambazo hataki mtaa uzijue, na mtu wa boda ni yule yule.

Turudi kwa DC, pale mzigo ulipongoja. Hadi mwaka 2009 njia nyingi za ndani za Kibera hazikuwamo kwenye ramani ya umma, na vijana wa Kibera wenyewe ndio waliotembea na vifaa vya kupima mahali, kichochoro kwa kichochoro, wakaichora katika mradi wa Map Kibera. Ramani ipo, lakini nyumba ya mama haina namba, na mtu wa boda asiyekijua kijiji ataogopa kushuka huko jioni. Simlaumu. Basi kubaliana na duka waje mchana, na chagua mahali pa kupokelea ambapo mtu mzima yupo muda wote: duka la rafiki, ofisi ya kanisa, au kemisti ya hapo mtaani ikiwa mwenyewe anakubali. Mtoto asitumwe. Mtoto anaweza kuangusha, anaweza kufungua akidhani ni peremende, na hawezi kusaini kwamba kifungashio kilifika kizima. Anayepokea aangalie mambo matatu mbele ya mtu wa boda: kibandiko hakijakatwa, tarehe ya kuisha haijafika, na jina dogo ni lile lililo kwenye karatasi. Kisichofanana kirudi na boda ile ile.

Agiza zikiwa zimebaki za siku kumi, si mbili. Mvua ya Aprili na Mei ikinyesha njia za Lindi hazipitiki, na siku za maandamano Ngong Road hufungwa. Presha haingoji barabara ifunguliwe.

Wapo wasomaji wanaoniuliza kuhusu insulini, kwa hiyo niseme kidogo. Insulini ambayo haijafunguliwa huwekwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na haifai kuganda. Ikiletwa na boda iwe kwenye kisanduku cha ubaridi, na kabla ya kuipokea muulize mletaji imetoka dukani saa ngapi. Kwa asiye na friji lipo jambo la kutia moyo. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021, ulifuata joto halisi la nyumba za kambi ya Dagahaley kule Dadaab, kati ya nyuzi 25 na 37, ukakuta insulini zilizopimwa zinabaki na nguvu zake kwa wiki 4. Zungumza na kliniki yako kabla ya kubadilisha unavyoihifadhi, ila usikubali kuambiwa kwamba bila friji huwezi kutumia insulini.

Jumamosi ukienda Lindi, binti yangu, nenda na kalamu ya wino mzito na daftari. Mwombe mama atoe dawa zote, za kwenye mkoba, za chini ya mto, na zozote alizompa rafiki yake amtunzie. Zimwage kitandani. Zipange kwa majina madogo, si kwa rangi. Zilizopitwa na wakati na zile za ziada zirudishe kliniki au kwenye kemisti, usizitupe chooni wala mtaroni. Kwenye bahasha zitakazobaki andika kwa herufi kubwa kama za bango la matatu: PRESHA, ASUBUHI, MOJA. SUKARI, PAMOJA NA CHAKULA. Daftarini andika jina la kila dawa na tarehe itakapokwisha.

Kisha lipigie simu duka lile la mtandaoni ukiwa umekaa karibu na mama. Omba kuzungumza na mfamasia, mweleze yaliyotokea, kwa sababu anapaswa kuyajua na kuyaandika. Akianza kukuuliza maswali usimjibie. Mpe mama simu. Yeye ndiye anayejua miguu ilianza kuvimba siku gani.